Mbao Kavu za Mzee na Bei ya Haki

Wengi wenu mmeshapita nyuma ya nyumba ya Mzee wetu seremala mkaliona lile banda lake refu la mabati. Ndani yake kuna mbao zaidi ya 700. Alianza kuzikusanya mwaka 2012, leo tatu, kesho kumi, hata vijana wa mtaa wakawa wanamtania kwamba anajenga safina. Mwezi uliopita alituita sisi wachungaji na wazee wa kanisa, akatukalisha juu ya magogo, akatuambia kwamba mgongo umekataa, macho nayo hayaoni tena mstari wa penseli, na anataka kuziuza zote kabla watoto wake hawajaanza kuzigombania. Kisha akauliza, "Wachungaji, niziuze kwa bei gani ambayo Mungu hataniuliza?"

Tulidhani ni swali la nusu saa. Limetuchukua majuma manne, na njiani limetugeukia sisi wenyewe, kama mtakavyosoma.

Kwanza tuelewane ubao mkavu ni kitu gani, maana bei inaanzia hapo. Mti uliokatwa leo umejaa maji. Mkaratusi mbichi unaweza kubeba maji yenye uzito unaokaribia uzito wa mti wenyewe ukishakauka. Maji ya kwanza yakitoka, ubao haubadiliki umbo. Lakini yakishuka chini ya asilimia 30 hivi ya uzito wa ubao mkavu, ndipo ubao unapoanza kunywea, na haunywei sawasawa. Kwa urefu karibu haubadiliki. Kwa upana unapungua, na upande unaofuata duara za mti hupungua karibu mara mbili ya upande unaotoka kwenye kiini kwenda kwenye gome. Kwa sababu hiyo unajipinda na kupasuka. Fundi akitengeneza mlango kwa mbao mbichi, mbao zitakaukia mlangoni. Hili tunalijua vizuri, kwa sababu mlango wa nyumba ya mchungaji ulifungwa kwa teke mwaka mzima.

Mzee yeye hupanga mbao juu ya mawe, mbali na mchwa, na kati ya safu na safu huweka vijiti vyembamba, kijiti juu ya kijiti kwa mstari mmoja, ili upepo upite na ubao usilegee katikati. Ncha huzipaka rangi iliyobaki ya watu, kwa kuwa maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha na hapo ndipo ufa unapoanzia. Mafundi wa Ulaya wana kanuni yao ya zamani kwamba inchi moja ya unene ni mwaka mmoja wa kungoja. Kwa joto letu kazi huenda upesi zaidi, lakini mkaratusi ukiharakishwa unapasuka, na Mzee hakuwa na haraka. Anasema katika kila mbao kumi, moja huishia jikoni kama kuni, hata ufanye nini.

Sasa, je, kulundika mali namna hii ni dhambi? Wako waliotukumbusha yule tajiri wa Luka 12 na ghala zake. Wengine walimtaja Yusufu kule Misri, nasi tukawaomba wasome Mwanzo 47 mpaka mwisho, maana huwa tunahubiri sana kuhusu hekima ya kuweka akiba na kupita haraka pale ambapo watu walitoa mifugo yao, kisha mashamba yao, kisha wakajitoa wenyewe, ili wapate nafaka. Kwa maoni yetu mbao si sawa na nafaka. Mahindi yaliyofungiwa ghalani hayawi mahindi bora, na jirani analala njaa. Ubao mbichi ukiwekwa unakuwa kitu ambacho haukuwa, na aliyeuweka ametufanyia kazi sote. Ila jambo hili lina mpaka wake. Ubao ukishakauka, mwezi unaofuata haukaushi kitu tena. Unangoja bei tu.

Tulipomwambia Mzee neno hilo, alinyamaza. Kisha akatueleza jambo ambalo ametupa ruhusa kuliandika. Mwaka 2018, mwaka ule wa kipindupindu, ndugu zetu wa Ituri walipovuka Ziwa Albert kwa mitumbwi na kuletwa hapa Kyangwali kwa maelfu, kila aliyepewa kiwanja alitafuta nguzo na mbao. Bei ilipanda kila siku ya soko. Mzee alifunga banda lake kwa majuma matatu. Mbao zilikuwa kavu, zilikuwa tayari, alikuwa anasikilizia. Alipofungua aliuza kwa karibu mara mbili. "Hakuna aliyenilaumu," alisema. "Wote waliuza hivyo. Lakini kuna mama mmoja alinunua mbao mbili akahesabu hela kwa kuzitoa kwenye kitenge, moja moja, na mimi nikazipokea." Mama huyo alihamishiwa kwingine, na Mzee amemtafuta bila kumpata.

Katika chuo cha Biblia tulisoma kidogo mafundisho ya Thomas Aquinas, mwalimu wa Wakatoliki aliyefariki mwaka 1274. Sisi Waprotestanti hatukumpa nafasi kubwa, lakini kuhusu kuuza na kununua alisema jambo ambalo hatujapata lililo wazi zaidi. Anafundisha kwamba, ikiwa muuzaji atapata hasara kwa kuachana na kitu chake, anaweza kuihesabu hasara hiyo katika bei. Lakini ikiwa muuzaji hapungukiwi chochote, ila mnunuzi ndiye mwenye shida kubwa, basi muuzaji hana ruhusa ya kupandisha bei kwa sababu ya shida hiyo. Kwa nini? Kwa sababu shida ile si mali yake. Ni ya mnunuzi, na mtu hauzi kisicho chake. Mwaka 2018 Mzee aliuza mbao zake, na juu yake akamuuzia yule mama uhitaji wa mama mwenyewe. Sote tuliokimbia tumewahi kununua hivyo: kiti cha mtumbwi, sahani ya mihogo njiani, karatasi ya kupita mahali. Kwa hiyo hatuhitaji kufundishwa jambo hili na mtu wa mbali.

Kutokana na hayo Mzee alitaka kwenda upande wa pili kabisa. Ubao wa nne kwa mbili ambao aliununua mbichi kwa shilingi 5,000 alitaka kuuuza 6,000, akasema sisi sote ni wakimbizi, atamfanyiaje biashara mkimbizi mwenzake. Watu wengi walifurahi sana kusikia hivyo. Sisi hatukufurahi, na tulilaumiwa kwa hilo.

Ubao huo mbichi leo sokoni ni 9,000. Ukavu kama wake, mjini Hoima, aliulizia akaambiwa 14,000. Mtu akiuza kwa bei ambayo haimwezeshi kununua hata ubao mbichi wa badala yake, huyo ametoa zawadi. Zawadi ni njema, lakini isiitwe bei, maana kesho seremala mwingine akiomba bei yake halali ataitwa mnyang'anyi. Tena neno hili la kwamba sote ni wakimbizi tulipime. Someni Ezra 3:7. Watu wametoka uhamishoni Babeli, hawana ukuta wala hekalu, wanahitaji mierezi ya Lebanoni iletwe kwa bahari mpaka Yafa. Hawakuwaambia watu wa Sidoni na Tiro kwamba wao ni wahamishwa waonewe huruma. Waliwapa chakula, kinywaji na mafuta, na waashi na maseremala wakawapa fedha.

Kwa hiyo tulikaa na Mzee tukahesabu wazi, tukifuata mfano wa Walawi 25, ambako bei ya shamba inatokana na hesabu ya miaka ambayo kila mtu anaweza kuihakiki. Ubao mbichi wa badala, 9,000. Ule mmoja katika kumi unaokwenda jikoni, 1,000. Mabati ya banda, vijiti, rangi na mlinzi wa usiku, akakadiria 1,000. Jumla 11,000. Tukamuuliza, na kazi yako ya kuzipanga na kuzigeuza miaka yote hii? Akasema hiyo ni sadaka yake na tusiiandike. Tumeiandika.

Alifanya na jambo lingine ambalo hatukumwomba. Alichukua tepu akapima upya kila ubao, kwa sababu baadhi ya mbao alizouziwa kama nne kwa mbili zilikatwa na msumeno wa injini zikawa tatu na nusu. Hizo ameziandikia kipimo chake halisi kwa chaki na kuzipunguzia bei. Zile zenye matundu ya bungua amezitenga. Katika Walawi 19:35, Mungu anapokataza udanganyifu wa vipimo, anataja kipimo cha urefu kabla ya mizani. Hatujawahi kusikia mahubiri juu ya tepu, ingawa tumesikia mengi juu ya mizani.

Katika banda zimo pia mbao 14 pana za libuyu. Wale wa Beni na Mambasa mnaujua mti huo kwa harufu tu. Alizinunua mwaka 2013 kwa mchuuzi aliyezipitisha Kasindi na Mpondwe, njia ambayo mbao za misitu yetu hupita kwenda Kampala na hata Nairobi. Mzee hajui nani aliukata mti huo, wala kama wenye msitu walipewa chochote. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika tangu mwaka 2001 kwamba mbao zilikuwa miongoni mwa mali zilizochukuliwa Kongo wakati wa vita, na sisi hatukuhitaji ripoti kulijua hilo. Hapa hesabu yetu nzuri ya 11,000 ilitushinda. Bei inaweza kuwa ya haki kati ya wawili waliosimama bandani, na wa tatu, aliyeibiwa, hayupo wa kuuliza. Tulibishana siku mbili. Mwishowe Mzee alisema hizo 14 haziuzi. Zitabaki kwa majeneza ya wale wanaofariki hapa bila ndugu.

Sasa tuje kwa kijana ambaye habari yake bado inatusumbua. Ni seremala, ana mke na watoto wawili, na amechukua mkopo katika kikundi cha akiba akanunua mbao mbichi 60 ili auze. Aliposikia kwamba Mzee atauza kavu kwa 6,000 alikuja kwetu usiku. Alisema, "Mchungaji, wema wa Mzee utanimaliza." Tulikumbuka kwamba John Wesley, katika mahubiri yake juu ya matumizi ya fedha yaliyochapishwa mwaka 1760, aliwakataza Wakristo kuuza chini ya bei ya soko, kwa kuwa upendo hauruhusu kuharibu biashara ya jirani. Tulipolisoma chuoni tulidhani ni neno la matajiri wa Uingereza. Usiku ule tuliona linamhusu mtu aliyekaa mbele yetu na viatu vya plastiki.

Hata hivyo, je, mjane anayetaka kitanda alipe zaidi ili mkopo wa kijana upone? Hatukuthubutu kusema hivyo. Bei ya 11,000 imempa kijana nafuu kidogo, lakini si nyingi, kwa sababu mwenye akili ataongeza 2,000 apate ubao mkavu. Mzee amemwambia, "Mwanangu, banda likipungua leta mbao zako, vijiti vyangu vipo, utauza mwakani." Neno zuri, ila mkopo haungoji mwakani. Tulikwenda kwa viongozi wa kikundi, wakaongeza miezi mitatu. Nao wana haki, zile ni akiba za akina mama. Miezi mitatu haikaushi mkaratusi wa inchi mbili. Hapo ndipo tulipofika, na kama kuna mwenye shauri tunaomba alilete.

Alikuja pia mfanyabiashara na lori, akitaka kuchukua zote kwa 8,000, fedha mkononi siku hiyo hiyo. Wengi walimtukana alipoondoka. Hatuoni sababu. Ana dereva, ana mafuta, ana hatari za barabarani, na anayelipa zote kwa mara moja anampunguzia muuzaji usumbufu. Mzee alimjibu kwamba bei ni ile ile kwa wote, na kwamba majuma mawili ya kwanza ni ya watu wa hapa, wakimbizi na wenyeji, si zaidi ya mbao 20 kwa nyumba moja ili asije mtu akazilundika upya. Zitakazobaki, lori linakaribishwa kwa 11,000. Jamaa alicheka, akaacha namba ya simu.

Tumebaki sisi wenyewe.

Mnakumbuka Sulemani na Hiramu mfalme wa Tiro. Tunapenda kuhubiri urafiki wao: katika 1 Wafalme 5 Sulemani anamwachia Hiramu ataje mwenyewe ujira wa watu wake, anampa kori 20,000 za ngano kila mwaka, na mierezi inashuka baharini. Mara chache tunafika sura ya 9. Baada ya miaka 20 Hiramu anapewa miji 20 ya Galilaya kwa ajili ya mierezi, miberoshi na dhahabu aliyotoa. Anakwenda kuitazama, haimpendezi, anamuuliza ndugu yake hii ni miji gani, na jina la dharau linabaki juu ya nchi ile. Hekalu lilishajengwa. Kila mtu alilisifu. Biblia haikuificha sura ya muuza mbao ambaye hakuridhika.

Mwaka 2014 tulipoezeka kanisa letu tulinunua kwa Mzee mbao 120. Alitaja 5,000. Tulimwambia, "Baba, hii ni kazi ya Mungu." Tukamwambia hivyo mara tatu, mzee mmoja wa kanisa akaongeza kwamba baraka hazinunuliwi, na Mzee akakubali 3,500. Jumapili iliyofuata tulimshukuru mbele ya kusanyiko kama mtoaji, watu wakapiga makofi. Hakuwa ametoa. Tulikuwa tumechukua. Mtu akitoa sadaka anajua kiasi chake na anaitoa mwenyewe. Mzee alikabwa kwa jina la Mungu na watu ambao asingeweza kuwakatalia, kwa sababu ndio wanaobatiza wajukuu zake. Yule mwenye lori alitaja bei yake na kuondoka. Sisi hatukumpa Mzee nafasi ya kutuona tukiondoka.

Mzee hakulitaja jambo hili hata mara moja katika majuma yale manne. Tulilikumbuka sisi wakati wa kuhesabu. Shilingi 420,000 tulizolipa zilikuwa bei ya mbao 84. Tulibeba 120. Kwa hiyo mbao 36 zilizo juu ya vichwa vyetu kila Jumapili hazijalipwa. Mmoja wetu alisema tumrudishie tofauti ya wakati ule, yaani 180,000. Lakini shilingi za 2014 hazinunui leo zilichonunua wakati ule, na tulichochukua kilikuwa mbao. Mbao 36 kwa 11,000 ni 396,000. Mtunza hazina alitoa hoja kwamba fedha hizo zilikuwa za vipaza sauti. Tumekubaliana kwamba tutaendelea kupaza sauti kwa vifua.

Tulimpelekea Jumamosi jioni, watu wanne, tukamweleza mambo yote, tukaomba radhi. Alitusikiliza akiwa ameshika kijiti kimoja cha kutenganisha mbao. Alizichukua fedha, akazihesabu mara mbili kwa kuziweka karibu na macho. Kisha akasema zimepungua 40,000, za pikapu iliyozileta mbao kanisani siku ile, maana aliilipa yeye.